Kelele si Jina la Ugonjwa: Uhakiki wa Istilahi za Kompyuta

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili majina ya vitu. Kifaa kigeni kinapoingia nchini tunauliza kiitweje, tunapima maneno mawili matatu, tunachagua moja na kuliingiza katika orodha. Kazi hiyo ni ya lazima, wala haidharauliki. Lakini kifaa hakikai mezani kikingoja kuitwa. Hufanya kazi, hupata joto, huchakaa, na siku moja huharibika. Siku hiyo mwenye kifaa hana haja ya jina lake, maana analijua. Haja yake ni neno la kueleza kilichokisibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi zetu za kompyuta zimeacha pengo mahali hapo, kwamba pengo hilo lina gharama, na kwamba maneno ya kuliziba tunayo tayari.

Kisa cha ofisi moja

Mwezi Agosti mwaka 2023 nilikuwa katika mikoa ya Shinyanga na Geita nikikusanya maneno ya mafundi. Katika ofisi moja ya umma, iliyo jirani na mahali wachimbaji wadogo wanaposagia mawe ya dhahabu, nilikuta kompyuta ya mezani iliyokufa, na katibu muhtasi aliyekuwa bado na majonzi yake. Alinisimulia mambo yalivyokuwa. Siku moja asubuhi mashine ilianza kutoa sauti ngeni. Akampigia simu fundi aliyeko Shinyanga mjini.

“Fundi, sipiyu inapiga kelele.”

“Kelele kubwa au ndogo, dada?”

“Ya kiasi tu, lakini jana haikuwapo.”

“Hilo ni vumbi la huko kwenu. Zimeni, fungueni ubavuni, pulizeni feni. Itatulia.”

Wakafanya kama walivyoagizwa. Vumbi lilitoka, tena jingi, lakini sauti haikukoma. Kwa kuwa fundi alikwisha kusema ni vumbi, waliendelea na kazi. Siku ya tatu mashine haikuwaka. Ndani ya diski yake mlikuwa na kumbukumbu za malipo za miaka miwili, na nakala nyingine haikuwapo. Fundi alipofika na kusikiliza mwenyewe, alisema, “Dada, ungeniambia inagonga, ningekwambia uizime saa ile ile.” Naye katibu akamjibu, “Na wewe ungeniuliza kama inagonga, fundi, ningekujibu.”

Ni kweli kwamba kosa kubwa lilikuwa la kutoweka nakala, na hakuna istilahi itakayolifuta. Hata hivyo, diski ile ilitoa onyo kwa siku mbili kamili. Onyo lilisikika, likatamkwa, likapokewa, na likapotea njiani. Lilipotelea katika maneno mawili: sipiyu na kelele. Tuyachunguze moja moja.

Sipiyu

Neno hili limeenea katika ofisi zetu kwa maana ya kasha zima la kompyuta, lile linalosimama chini ya meza au kando ya kioo. Asili yake ni kifupisho cha Kiingereza kinachotaja kichakato, yaani kipande kidogo kinachopiga hesabu zote za mashine. Basi jina la sehemu moja limepewa kitu kizima. Lugha zote hufanya hivyo, na mtu anayeandika barua hahasiriki kwa kuita kasha sipiyu.

Anayetafuta mlio huhasirika. Kichakato chenyewe hakina sehemu inayozunguka wala inayogusana na nyingine. Hakiwezi kukwaruza, wala kugonga, wala kuvuma. Kinachovuma juu yake ni feni inayokipoza. Kwa hiyo, anaposikia kwamba “sipiyu inapiga kelele”, fundi hana budi kukisia. Naye hukisia kile akijuacho kuwa ni cha kawaida, yaani feni na vumbi. Ndani ya kasha lile mna feni ya kichakato, feni ya kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai, pengine feni ya kasha lenyewe, diski kuu, na kisomeo cha sahani za muziki na picha. Vyote hivyo hutoa sauti, na kila kimoja kina sauti yake. Sipiyu limevifunika vyote chini ya kawa moja.

Neno kasha lipo, linaeleweka Shinyanga kama linavyoeleweka Tanga, wala halidai ufafanuzi. Kwa nini halikushika? Nadhani ni kwa sababu tulilichelewesha. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi baadaye mashine hizo zilikuwa za watu wachache mno. Zilipofunguliwa milango ziliingia kwa wingi, zikiwa na vitabu vyake na wauzaji wake, na umma ukajichukulia majina kutoka midomoni mwa wauzaji. Tulipoanza kazi kwa bidii, tulianzia kwenye kioo. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na lilikuwa jambo la fahari. Lakini maneno ya kazi hiyo yalikuwa ya kufungua faili, kuhifadhi, kunakili na kufuta. Chuma kilichobeba programu hizo hakikuwa na msemaji.

Kadhalika, tulitumia wino mwingi kushindana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida zake. Hapa Tanzania kompyuta limeshinda, na tarakilishi linaendelea kutumika, hasa katika maandishi ya Kenya. Lakini katibu yule angelipewa lolote katika hayo matatu, diski yake ingekufa vile vile.

Kelele

Neno la pili lina kosa la namna nyingine. Kelele si jina la sauti. Ni hukumu juu ya sauti. Mtu akisema kelele anatuarifu kwamba sauti hiyo inamuudhi au haitakiwi. Hatuarifu ni ya namna gani. Watoto shuleni hupiga kelele, soko lina kelele, na redio ya jirani ni kelele. Ukiita kelele kila kinachosikika ndani ya mashine, umefanya kama mgonjwa anayemwambia daktari “naumwa” kisha akanyamaza.

Lawama hapa ni yetu wafasiri. Vitabu vya maelekezo vya Kiingereza vina neno lake kwa kila mlio wa mashine: kuna la mvumo, la mkwaruzo, la kugonga, la mlio mwembamba, la kutetema. Nimepitia tafsiri kadhaa za vitabu vya namna hiyo, na mara nyingi nimekuta maneno hayo yote yamemezwa na kelele, au sauti, au, mfasiri alipojitahidi, sauti isiyo ya kawaida. Msomaji wa Kiswahili hupewa onyo moja mahali ambapo msomaji wa Kiingereza amepewa matano. Hatuwezi kudai kwamba Kiswahili hakina maneno. Lugha ambayo ngoma ndani yake hulia, bahari huvuma, radi hunguruma, bisi hutatarika, na mlango mbovu hukwaruza sakafu, haijafilisika kwa milio. Wafasiri ndio hatukufungua ghala.

Wenye karasha

Ushahidi kwamba ghala limejaa niliupata hatua chache kutoka ofisi ile. Wachimbaji wadogo wa Geita husaga mawe yao kwa mashine wanayoiita karasha, neno walilolitohoa wenyewe bila kamati, nalo limekaa vizuri katika ngeli yake: karasha hili, makarasha haya. Pembeni mwa mashine hiyo mtu hulazimika kupaza sauti ili asikike. Pamoja na hayo, sikumsikia mwendeshaji hata mmoja akisema kwamba karasha lake lina kelele. Kelele kwao ni kama maji kwa samaki. Walisema “linakwaruza”, “linagonga”, “mkanda unalia”, “beringi inalia kavu”. Kila kitenzi kilikuwa na dawa yake. Linapolia kavu huhitaji grisi. Linapogonga huzimwa papo hapo, maana kuna chuma kilicholegea ndani yake.

Watu hawa hawakuwa wa kabila moja. Katika mkanda huo utakuta Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi, na wageni kutoka kila pembe ya nchi. Lugha waliyokutania ni Kiswahili, na Kiswahili hicho kimewatosha kutambua ugonjwa wa mashine kwa sikio. Tofauti kati yao na katibu muhtasi haiko katika elimu, kwani yeye ana elimu kubwa zaidi. Wao wanaruhusiwa kutumia vitenzi vya nyumbani juu ya mashine yao. Katibu amefundishwa, na sisi tumo miongoni mwa waliomfundisha, kwamba kompyuta ni kitu cha kitaalamu na kwamba mtu wa kawaida hana maneno ya kukisemea.

Mlio na namna ya kuutafuta

Mafundi wa kompyuta niliokaa nao hutafuta mlio kwa njia ya kuondoa kimoja kimoja, na vitenzi hufuata njia hiyo hiyo. Nitaieleza kwa mpangilio, ili msomaji apime mwenyewe kama istilahi ninazozipendekeza zinafanya kazi.

Kwanza huhakikisha kwamba mlio unatoka ndani ya kasha. Pengine unaolia ni mtungi wa akiba ya umeme, yupiesi, unaotoa milio ya kukatizwa umeme unapokatika au betri yake inapochoka. Pengine ni vipaza sauti vilivyo karibu na simu ya mkononi. Bodi kuu ya kompyuta nayo inaweza kutoa milio mifupi yenye hesabu maalumu wakati wa kuwaka, kutangaza kwamba sehemu fulani haikuitika. Hiyo yote tuiite milio ya onyo. Imetengenezwa makusudi ili isikike.

Pili huweka kiganja ubavuni mwa kasha. Mlio ukikoma, basi bati limelegea na linatetema. Huo ni mtetemo, na dawa yake ni bisibisi.

Tatu husikiliza kama mlio hubadilika kwa joto. Feni nyingi huongeza kasi kadiri mashine inavyopata moto, ndiyo maana ofisi ya Shinyanga iliyotulia saa mbili asubuhi huwa na mvumo mkubwa saa nane mchana. Kuvuma ni kazi ya feni, si ugonjwa wake. Mvumo unapozidi siku hadi siku, vumbi limeziba njia ya hewa. Katika mkanda wa dhahabu jambo hili ni zito kuliko kwingine, kwa sababu vumbi la mawe yanayosagwa lina chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikiingia katika ekseli ya feni huila taratibu, na mvumo hugeuka kuwa mkwaruzo. Feni inayokwaruza haiponi kwa kupulizwa; hubadilishwa. Ikiwa inatatarika upesi upesi bila kukwaruza, huenda ni waya uliolegea unaoguswa na mapanga yake.

Nne, baada ya kufungua kasha, fundi huviringisha karatasi ngumu iwe kama bomba, ancha moja sikioni na ncha nyingine aipitishe juu ya kila sehemu bila kuigusa. Kisanduku cha umeme hakifunguliwi kamwe na asiyefundishwa, kwa sababu kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Humo, na katika bodi, mnaweza kutoka mlio mwembamba, kama wa mbu, unaobadilika kazi inapozidi. Ni koili inayotetema kwa mkondo wa umeme, na aghalabu hauna madhara.

Mwisho ni diski. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu ya uso wake pasipo kuugusa. Inapofanya kazi vizuri huvuma kwa chini na kutoa vijimlio visivyo na mpango. Kichwa kinaposhindwa kupata mahali pake hurudi mwanzo na kujaribu tena, na tena, na kila kinaporudi hugonga. Mlio wa kugonga wenye mpigo sawasawa ni wa hatari kuliko yote niliyoitaja. Mashine huzimwa mara moja, na haiwashwi mpaka afike mtu anayeweza kuokoa kilichomo.

Jina la mlio huu wa mwisho lilinisumbua. Kualika lingefaa, kama katika kualisha vidole, lakini kila msomaji atafikiri harusi. Kitenzi cha zamani kudata, yaani kulia kama kijiti kikavu kinapovunjika, kina mvuto wake, na mchekeshaji atasema kwamba diski inapodata, data hupotea. Lakini vijana wamekipa kudata maana ya kupumbazwa na mapenzi, na istilahi isiyoweza kutamkwa ofisini bila kicheko haitadumu. Nomino kutokana na kugonga haiwezi kuwa mgongo, kwa sababu iliyo wazi. Hitimisho langu ni kwamba tusilazimishe nomino. Fundi alisema “inagonga”, na mwenye karasha alisema “linagonga”. Kitenzi hicho kinatosha kama kilivyo.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba milio ni mambo ya tanakali sauti, yenye mahali pake katika fasihi, wala si katika sayansi. Nawakumbusha René Laennec, tabibu wa Ufaransa, aliyebuni mwaka 1816 chombo cha kusikilizia kifua. Kitabu alichotoa mwaka 1819 hakikuwa juu ya chombo tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutofautisha sauti za kifua, kuzipa majina, na kulinganisha kila sauti na ugonjwa uliokutwa mwilini. Pasipo majina hayo, chombo chake kingekuwa bomba la mti tu. Sikio bila istilahi husikia, lakini haliwezi kupeleka habari kwa mwingine.

Wengine watasema kwamba diski mpya hazina sehemu inayozunguka, hivyo hazigongi, na kwamba mjadala huu utapitwa na wakati. Ni kweli kwamba diski hizo ziko kimya, na zinapokufa hufa kimya pia, jambo linaloongeza haja ya nakala. Lakini diski za zamani zingali katika ofisi zetu, na feni zingali katika mashine mpya. Zaidi ya hayo, mkwaruzo, mtetemo na kugonga si mali ya kompyuta. Ni maneno ya pampu ya maji, ya kinu cha unga, ya pikipiki na ya karasha. Istilahi inayofaa vifaa vingi ina maisha marefu kuliko kifaa kimoja.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, katika tafsiri za vitabu vya maelekezo, kelele isitumike kama jina la dalili. Mfasiri achague kati ya kuvuma, kukwaruza, kutatarika, kutetema, kugonga, mlio mwembamba na mlio wa onyo. Na palipo na shaka, amwendee fundi kabla hajaliendea kamusi.

La pili, walimu wa kompyuta wafundishe kasha kwa kasha, na kichakato kwa kichakato. Sipiyu halitaondoka mitaani kwa amri yetu, lakini mwanafunzi ajue anapolitumia kwamba hajataja bado sehemu yenye hitilafu.

La tatu linawahusu watumishi wa serikali. Fomu za taarifa za hitilafu nilizoziona zina mstari mmoja tu, “Maelezo ya tatizo”, na aghalabu hujazwa maneno mawili. Uongezwe chini yake mstari wenye maswali manne: mlio ni wa namna gani, unatoka upande gani wa kasha, ulianza lini, na je, una mpigo sawasawa? Maswali hayo hayahitaji fedha wala semina. Katibu yule wa Geita angeyajibu yote kwa simu, asubuhi ile ile, kwa Kiswahili chake mwenyewe.